Mwaka wa chekechea kwa lugha mbili: maswali ya wazazi wa Kisumu na majirani

Maswali haya huulizwa langoni asubuhi, kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, na zaidi siku ya mkutano wa wazazi baada ya watu kunywa soda na kulegea. Anayejibu ni mwalimu wa PP2 hapa Kisumu. Yameanza na mambo ya kawaida, yale yanayohusu watoto wachache yako mwishoni. Jibu likikutuma kwa swali jingine, nenda huko, hatutarudia.

## Mambo ya msingi

1. PP1 na PP2 ni nini, na mtoto huanza akiwa na umri gani?

Ni miaka miwili ya elimu ya awali katika mtaala wa umilisi, ule wa CBC ulioanza nchi nzima Januari 2019. Mtoto huingia PP1 akiwa na miaka 4, PP2 akiwa na miaka 5, kisha Gredi ya 1 akiwa na 6. Ukisema nasari tutakuelewa pia.

Uje na nakala ya cheti cha kuzaliwa na kijitabu cha kliniki kinachoonyesha chanjo. Kama cheti bado, njoo uzungumze na mwalimu mkuu huku unafuatilia. Usimkalishe mtoto nyumbani muhula mzima kwa sababu ya karatasi.

2. Hizo "lugha mbili" ni zipi hasa?

Inategemea uko wapi. Sera ya Kenya inasema mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo la shule kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, kisha Kiingereza kichukue usukani Gredi ya 4. Si wazo geni: kamati ya elimu ya Gachathi ilipendekeza jambo la namna hiyo mwaka 1976. Kinachotokea darasani ni kingine. Kule Seme au Nyakach, mwalimu wa shule ya umma atatumia Dholuo, lugha ya Waluo, na kuingiza Kiswahili na Kiingereza. Ukija Kondele au Manyatta, darasa limechanganyika, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha watoto. Shule nyingi za kibinafsi hushika Kiingereza tangu siku ya kwanza na Kiswahili huwa somo. Vihiga ni Lulogooli, Bungoma ni Lubukusu, Nakuru mjini ni Kiswahili.

Kwa hiyo usiulize shule, "Mnafundisha lugha gani?" Utapewa jibu la bango la langoni. Uliza hivi: mtoto akilia saa nne, mwalimu humbembeleza kwa lugha gani? Hadithi husimuliwa kwa lugha gani? Hesabu je? Majibu hayo matatu yatakuonyesha lugha za darasa hilo kuliko kauli mbiu yoyote.

3. Nikiwa na malalamiko, ni kaunti au serikali kuu?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya awali. Mwalimu wa chekechea ya umma ameajiriwa na kaunti, na darasa linajengwa na kaunti. Mtaala unatoka kwa KICD, taasisi ya kutunga mitaala, Nairobi. Basi anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, kisha ofisi ya elimu ya kaunti. Wazazi wengi hukimbilia TSC, tume ya walimu ya taifa, nao huambiwa wamekosea mlango.

4. Lugha mbili hazitamchanganya mtoto?

Hapana. Mtoto akisema, "Ticha, nataka pi," hajachanganyikiwa. Anajua anataka maji, anajua anazungumza na nani, na ametumia neno lililo karibu. Watu wazima wa Kisumu hufanya vivyo hivyo kwenye matatu na hakuna anayewapeleka kwa daktari. Kadiri maneno yanavyoongezeka katika kila lugha, mtoto huanza kuzitenga mwenyewe: hii ya mwalimu, hii ya dani (nyanya), hii ya watoto wa ploti.

Ukitaka kujua ana maneno mangapi, hesabu ya lugha zote kwa pamoja. Mtoto anayejua vitu fulani kwa Dholuo tu na vingine kwa Kiswahili tu ataonekana mnyonge ukimpima kwa lugha moja. Ziweke pamoja, mara nyingi utakuta yuko sawa na wenzake.

## Darasani

5. Wanafanya nini siku nzima? Naona kama wanacheza tu.

Wanacheza, ndiyo, na ndani ya mchezo mna lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Kila kipindi ni dakika 30, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa zaidi ya hapo bila kuanza kumfunga mwenzake kamba za viatu.

Chukua hesabu. Tunamwaga vifuniko vya soda mezani, watoto wanahesabu. Kwa Dholuo, sita ni *auchiel*: mna tano na moja ndani yake. Saba, *abiriyo*, ni tano na mbili. Kumi na moja ni *apar gachiel*, kumi na moja juu yake, sawasawa na Kiswahili. Mtoto aliyehesabu hivyo nyumbani anakuja akiwa ameshashika kwamba namba hujengwa kwa namba. Kiingereza huficha jambo hilo kwenye *eleven* na *twelve*, maneno ambayo hayana budi kukaririwa. Ndiyo maana tunaanza na lugha ambayo mtoto anaiona hesabu ndani yake, kisha tunampa majina ya Kiingereza. Mzazi akipita dirishani na kusikia Dholuo, hudhani tumelala kazini.

6. Nyumbani ni kasuku, shuleni hajatoa neno tangu muhula uanze. Ana shida?

Pengine hana. Mtoto anayeingia darasa la lugha asiyoijua vizuri mara nyingi hukaa kimya kwa wiki kadhaa, wengine miezi. Anasikiliza. Swali si kama anaongea, bali kama anafuata. Akiambiwa alete kikombe, analeta? Anacheza na wenzake? Anacheka mahali pa kucheka? Anaimba na kundi hata kama haimbi peke yake? Kama ndiyo, mwache. Tusimsimamishe mbele ya darasa aseme jina lake kwa Kiingereza. Hilo humfunga mdomo kwa muhula mwingine.

Kama nyumbani pia amepunguza kuongea, au hasikii akiitwa kwa nyuma, nenda swali la 20.

7. Mwalimu hajui lugha yetu ya nyumbani. Itakuwaje?

Hutokea sana huku kwetu: mwalimu ametoka Kakamega, darasa liko Kisumu, mtoto amelelewa na nyanya yake Ugenya. Andika kwenye daftari la mawasiliano maneno machache ambayo mtoto hutumia kwa mambo ya mwili: maji, njaa, choo, kuumwa, usingizi. Mtoto wa Kiluo akisema "kech kaya", njaa inamuuma. Mwalimu asiyejua hivyo atadhani ni mnuno. Mwalimu yeyote mzuri atayabandika maneno hayo ukutani kando ya meza yake.

8. Shule inawaadhibu watoto kwa kuzungumza lugha ya nyumbani. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na mateso ya akili shuleni, na Kifungu cha 44 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha anayoitaka. Wengi wetu tulivalishwa kile kibao shingoni na kukipokezana hadi jioni, na ajabu ni kwamba baadhi ya waliokivaa leo wanakidai kwa watoto wao. Shule inaweza kusema, "Kipindi hiki tunazungumza Kiingereza," na kumsaidia mtoto kusema. Haiwezi kumpiga, kumtoza faini wala kumwaibisha. Ukiona hivyo, fuata njia ya swali la 3.

## Nyumbani

9. Tuache Dholuo nyumbani, tuzungumze Kiingereza ili azoee haraka?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, nami nina msimamo juu yake: msiache.

Sikiliza Kiingereza kinachozungumzwa katika nyumba nyingi za hapa mjini saa moja jioni. *Come. Sit. Eat. Stop it. Go and bath.* Ni amri tupu. Mtoto anayelishwa amri atajua kutii kwa Kiingereza, wala hatajua kueleza, kuuliza, kubisha au kusimulia. Sasa msikilize mama huyohuyo akimweleza jirani kwa Dholuo jinsi mwanamke mmoja alivyogombana na muuza omena soko la Kibuye: nani alianza, kwa nini, bei ilikuwa ngapi, nani aliingilia, sauti zao zinaigwa moja moja, na mwisho wake kicheko. Katika dakika tano hizo mna mpangilio wa matukio, sababu na matokeo, wahusika, hoja na jibu la hoja. Ndiyo lugha ambayo mtoto anaihitaji ili aje kuelewa hadithi ya kitabuni, na anainyimwa kwa sababu tumeamua si ya shule.

Akili iliyozoea kufuatilia kisa haianzi upya ikibadilisha lugha. Mtoto anayejua kusimulia *sigana* (hadithi) kwa Dholuo, akipata maneno ya Kiingereza, atasimulia kwa Kiingereza. Asiyejua kusimulia kwa lugha yoyote ndiye tunayehangaika naye Gredi ya 2.

Kwa hiyo mpe mtoto lugha ambayo wewe mwenyewe una utajiri nayo. Kama ni Kiingereza, sawa, na wapo wazazi wa Milimani ambao hicho ndicho. Kama ni Kiswahili, vizuri. Kama ni Dholuo au Lunyore, hiyohiyo. Kiingereza shule itatoa, ndiyo kazi unayoilipia karo. Zamani watoto wa Kiluo walikusanyika jioni kwenye *siwindhe*, nyumba ya bibi mzee, wakasimuliwa na kuteguliana vitendawili. Hatuna siwindhe kwenye ploti za Nyalenda, lakini kuna wakati wa kupika na wakati wa umeme kupotea.

10. Baba Mluo, mama Mluhya, na sisi wawili tunazungumza Kiswahili. Mtoto ashike ipi?

Zote tatu, bila fujo. Ndoa za namna hii ni za kawaida kuanzia Maseno hadi Luanda, na watoto wake hukua wakibadilisha lugha wakivuka uwanja. Baba aongee na mtoto kwa yake, mama kwa yake, na ninyi wawili mkiwa mezani muendelee na Kiswahili chenu. Msitarajie ziwe sawa. Lugha inayopewa saa nyingi ndiyo itakayotangulia, na nyingine zitapanda likizo ya Agosti kwa kukhu (nyanya wa Kiluhya).

Pia msiigeuze kuwa shindano la koo mbili. Mtoto akigundua kwamba akisema neno la upande fulani mtu ananuna, atanyamaza upande huo.

11. Yaya anazungumza lugha nyingine kabisa.

Ni baraka, mradi anazungumza naye na hajamwachia televisheni. Mwambie asijilazimishe Kiingereza kwa kukuogopa wewe.

12. Kiswahili chake ni cha "viatu zangu" na "kiti yangu". Nimkosoe?

Usimkatize. Mjibu huku ukirudisha sentensi ikiwa imenyooka. Akisema, "Mama, viatu zangu ziko wapi?" jibu, "Viatu vyako viko chini ya kitanda." Amepata viatu na amepata ngeli. Ukimwambia, "Sema vizuri kwanza!" hatapata chochote, na kesho atakuuliza kwa ishara ya kidole.

Tuambiane ukweli pia: wengi wetu magharibi tunasema "viatu zangu" sisi wenyewe. Mtoto hawezi kuokota ngeli ambazo hazipo hewani. Redio ya Kiswahili jikoni husaidia zaidi ya masahihisho.

13. Na Sheng?

Ataipata uwanjani, upende usipende. Mfundishe tu kwamba asiitumie kwa nyanya wala kwa mwalimu mkuu. Watoto hushika mipaka hiyo haraka kuliko vijana.

14. Katuni za Kiingereza si zinamfundisha?

Zinampa nyimbo na majina ya rangi. Hazimjibu, na lugha hukua kwa kujibiwa. Ndiyo maana unaweza kukuta mtoto mwenye lafudhi ya Marekani anayeshindwa kuomba maji. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka 3 au 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa miaka 5 hajapishana naye mbali. Saa hiyo ikiwapo, keti naye na mzungumzie mnachokiona, kwa lugha yenu.

## Kusoma na kuandika

15. Aanze kusoma kwa lugha gani?

Kama anaizungumza, Kiswahili ni mlango mwepesi. Herufi a husomeka a popote ilipo. Ukishajua ba, be, bi, bo, bu na ma, me, mi, mo, mu, unaweza kusoma *bamba*, *mama*, *embe* na maneno ambayo hujawahi kuyaona. Dholuo na Lubukusu nazo huandikwa kwa namna iliyo karibu na hiyo. Kiingereza kina tabia nyingine: herufi ileile hubadilisha sauti kila neno.

Tatizo hutokea lugha zote mbili zikianza wiki moja, kwa herufi zilezile, na mwalimu hajasema ni lugha gani iko ubaoni. Mtoto anaona *make* anasoma ma-ke. Anaona *pole* na hajui kama ni fito ya Kiingereza au anaombwa radhi. Mbaya zaidi ni majina ya herufi: kwa Kiingereza E inaitwa "ii" na I inaitwa "ai", kwa hiyo mtoto anaandika *miti* akiweka e mahali pa i, na hajakosea kwa hesabu zake. Darasani kwangu kadi za Kiswahili ni za kijani na za Kiingereza ni za buluu, na kabla ya kusoma tunauliza kwanza, "Leo ni rangi gani?" Nyumbani inatosha kusema, "Sasa tunasoma Kiswahili."

Ushauri wangu: silabi za Kiswahili zishike kwanza, Kiingereza kiendelee kwa mdomo, kwa nyimbo na mazungumzo, hadi mtoto aone kwamba alama hizi zina sauti. Ufunguo huo ukishapatikana, lugha ya pili huja haraka. Gredi ya 1 atakutana na kusoma kwa lugha zote mbili vyovyote vile. Mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015 ulijengwa juu ya Kiswahili na Kiingereza sambamba, na pia kuna shughuli za lugha ya kiasili kuanzia Gredi ya 1 hadi ya 3.

16. Anaandika "sule" na "msee". Ana tatizo la matamshi?

Anaandika anachosikia. Dholuo haina sauti za sh, z na v, kwa hiyo *shule* huwa sule, *mzee* huwa msee, *viatu* huwa fiatu. Mtoto wa Kibukusu naye atasema kari akimaanisha gari, kwa sababu katika Lubukusu g na d hazisimami bila n mbele yake. Hakuna ugonjwa hapo. Mwonyeshe mdomo wako unavyokaa ukisema sh, mcheze nayo kama sauti ya kumnyamazisha mtu, basi. Watu wazima wa ploti wasimcheke wala wasimrekodi video.

17. Hatuna vitabu nyumbani. Tufanyeje?

Mji wenyewe umeandikwa. Simama stejini na mtoto makanga wakiita. Kibao cha mbele ya matatu kinasema KONDELE: ko-nde-le. Kingine MAMBOLEO, kingine AHERO, kingine KIBUYE. Ni silabi safi, tena mtoto ameshalisikia neno kabla hajaliona, yaani kazi nusu imefanywa na makanga. Mwache akutafutie gari lenu kwa macho. Akipatia ndiye aliyewafikisha nyumbani. Paketi ya unga ina maneno, kitabu cha nyimbo cha kanisani kina maneno ambayo mtoto anayajua kwa kichwa, hata ujumbe wa baba kwenye simu unasomeka kwa sauti.

18. Mtoto wa jirani, PP2 kama wangu, anasoma sentensi nzima za Kiingereza. Wangu nyuma?

Funika picha, umwombe huyo wa jirani asome tena. Kisha mwulize kilichotokea kwenye hadithi. Wengine watakuonyesha wanasoma kweli, wengi watakuonyesha wamekariri ukurasa. Usifanye hivi mbele ya jirani.

19. EE, ME, AE na BE kwenye ripoti ni nini? Na Gredi ya 1 ina mtihani wa kuingia?

Ni kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, na kuwa chini yake. AE katika lugha muhula wa kwanza kwa mtoto aliyekuja bila Kiswahili ni jambo la kutarajiwa. Angalia kama muhula wa tatu imesogea. Muulize mwalimu pia alimpima kwa lugha gani, kwa sababu mtoto aliyekosa jina la umbo kwa Kiingereza huenda anayajua maumbo yote.

Mtihani: Sheria ya 2013 inakataza shule ya umma kumtahini mtoto ili kuamua kama itampokea. Inaweza kumpima tu ili ijue imweke darasa gani. Shule za kibinafsi huwa na "intavyuu" zao. Sheria hiyohiyo inakataza kumkalisha mwanafunzi darasa, kwa hiyo ukiambiwa arudie PP2 kwa sababu "Kiingereza chake hakijakomaa", omba uelezwe kwa maandishi.

## Wasiwasi

20. Amechelewa kuongea. Ni kwa sababu ya lugha nyingi?

Lugha nyingi hazicheleweshi usemi, na kuacha lugha moja hakuponyi. Kuna wazazi walioambiwa waache Dholuo ili mtoto apone, na kilichotokea ni kwamba mtoto alipoteza mazungumzo na nyanya yake na tatizo likabaki palepale.

Mtoto mwenye shida ya kweli ya usemi huwa nayo katika lugha zote anazozisikia. Akiwa na miaka 2 alipaswa kuunganisha maneno mawili, katika lugha yoyote au kwa mchanganyiko. Akiwa na 4, mgeni amwelewe sehemu kubwa. Akifika PP2, aweze kukueleza kilichotokea uwanjani hata kama kwa kurukaruka. Kama hayuko hapo, anza na masikio. Usaha wa sikio unaorudi mara kwa mara huku kwetu huchukuliwa kuwa jambo dogo, na mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Mpeleke kliniki ya masikio. Kwa wa Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko karibu. Baada ya hapo kuna vituo vya tathmini vya elimu, EARC, ambavyo hupima mahitaji ya mtoto na kushauri shule. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilicho karibu nawe.

Nenda upesi, si kesho, kama mtoto alikuwa akiongea na sasa amepoteza maneno aliyokuwa nayo.

21. Ameanza kugugumiza.

Kati ya miaka 2 na 5 watoto wengi hurudiarudia mwanzo wa neno, hasa wakiwa na haraka, na kwa wengi hupita. Msikilize amalize, usimmalizie wala usimwambie "pumua kwanza". Ikiendelea zaidi ya miezi sita, au akikaza uso na shingo kutoa neno, au ameanza kukwepa kuongea, tafuta mtaalamu wa usemi. Haihusiani na lugha mbili.

## Hali za pekee

22. Mtoto wetu ni kiziwi. Haya ya lugha mbili yanamhusu?

Yanamhusu sana. Lugha Ishara ya Kenya ni lugha kamili, na Katiba inaitaja. Ndiyo iwe lugha yake ya utajiri (swali la 9), kisha kusoma na kuandika kuje kama lugha ya pili. Magharibi kuna shule za muda mrefu za viziwi, zikiwemo za Maseno na Mumias. Tembelea mapema, usisubiri afike umri wa Gredi ya 1, na familia nzima ijifunze ishara. Mtoto anayezungumza kwa ishara shuleni tu hukaa likizo nzima bila mtu wa kuzungumza naye.

23. Anaenda madrasa jioni. Kiarabu hakitamlemea?

Familia za Kiislamu za Mumias zimelea watoto kwa Luhya, Kiswahili na Kiarabu cha kusomea tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, na hawakulemewa. Kinachomchosha mtoto ni saa. Ametoka shuleni saa sita au saa nane, apate kula na kulala kidogo kabla ya ustadhi. Mjulishe mwalimu wa chekechea kwamba mtoto anajifunza pia maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Akianza kuandika S au 3 ikiwa imegeuka, tutajua kwa nini tusimharakishe, ingawa watoto wasiosoma madrasa pia hugeuza herufi katika umri huu.

24. Tunahamia Nakuru katikati ya mwaka. Darasani kwake hapa walitumia Dholuo.

Wiki za kwanza atakuwa kimya (swali la 6), hata kama hapa alikuwa kiongozi wa nyimbo. Nakuru darasa litakuwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii, na Kiswahili ndicho cha uwanjani. Miezi miwili kabla ya kuhama, anza kucheza naye kwa Kiswahili: kuuza duka, kupiga simu, kuomba zamu, "nipe nami", "hiyo ni yangu", "tucheze pamoja". Maneno ya uwanjani yatangulie ya darasani, kwa sababu mtoto akipata rafiki, rafiki humfundisha yaliyobaki bure.

Beba ripoti za mihula iliyopita na daftari lake la kazi, na umwambie mwalimu mpya waziwazi kwamba anajua kuhesabu na kusimulia kwa Dholuo, asimwandike kama asiyejua. Nyumbani msibadilishe kitu. Dani apigiwe simu Jumapili kama kawaida, na simu apewe mtoto.